Mng'ao wa Majani Ulivyoonekana Kutoka Angani

Sikieni hii, watu wangu. Jani likipigwa na jua, halimalizi mwanga wote kutengeneza chakula. Kiasi kidogo hulirudisha kama mng'ao mwekundu, hafifu mno kwa macho yetu. Huo mng'ao unadokeza jani linavyochapa kazi ya kuvuta kaboni.

Januari 2009, Japani ilirusha GOSAT ikapime kaboni dioksidi na methani. Mwezi uliofuata Marekani wakarusha OCO. Kifuniko cha roketi kikagoma kutoka, chombo kikaishia baharini karibu na Antaktika. Miaka ya kazi, kwisha! Lakini hao wasee hawakukaa kulia, waliingia kwa data ya Wajapani. Kufikia 2011, mng'ao wa mimea ya dunia nzima ulikuwa umechorwa ramani kutoka data hiyo hiyo. OCO-2 ikapaa Julai 2014.

Ikaja El Niño ya 2015. Watafiti wakakadiria kwamba nchi za tropiki ziliachilia takriban tani bilioni 2.5 za kaboni zaidi ya 2011. Amazon ni ukame, Indonesia ni moto. Afrika je? Joto lilizidi, mimea iliyokufa ikaoza haraka.

Mimi niliacha chuo, lakini data ya OCO-2 ni ya bure, haiulizi digrii. Haitakuonyesha mti wa shamba lenu, ila eneo zima linaonekana. Na hapa Kenya mikataba ya kaboni inasainiwa juu ya ardhi za jamii. Wakikuja kwa baraza lenu, uliza tu: hii kaboni mlipimaje?