HISTORIA YA KIKUNDI CHETU NA MWAKA MGUMU WA 2020

Kamati ya sherehe imetuomba tuandike historia ya kikundi. Historia yote ni ndefu na kijitabu hiki kina kurasa chache, kwa hiyo tulikotoka tutapagusa kidogo tu, halafu tutaeleza mwaka 2020, maana akina mama wapya wanausikia ukitajwa kwenye vikao na hawajui ulikuwaje.

Tulianza 2015 tukiwa akina mama 22. Wengine tunatoka upande wa Karagwe, wengine upande wa Kyerwa. Zamani wote tulikuwa Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilizaliwa mwaka 2012, na mpaka ukapita katikati ya watu waliokuwa wakiozana na kuzikana. Mpaka leo tukitaka barua ya ofisini tunaanza kuulizana, hii ni ya Kayanga au ya upande wa pili? Lakini sanduku ni moja.

Kilichotukutanisha ni butura. Kwa mgeni asiyeijua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, ingali maua au punje za kijani. Mtu ana shida ya ada au ya mgonjwa, anakwenda kwa tajiri, tajiri anaingia shambani anahesabu mibuni, anatoa hela kidogo, na msimu ukifika anavuna yeye. Mwenye shamba anasimama kando akiangalia magunia yake yakipakiwa kwenye baiskeli ya mwingine. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini shida haisikii marufuku.

Sisi tuliozaliwa miaka ya 1970 tumeiona ikipanda na kushuka pamoja na bei. Mwaka 1989 nchi za kahawa zilishindwa kuendeleza mkataba wao wa kugawana mauzo, bei ikaanguka. Mwaka 1990 wakulima wa Karagwe wakapata chama chao kikuu, KDCU. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Halafu 2001 bei ya dunia ikashuka vibaya sana, na kila iliposhuka butura ilizidi. Mama ndiye anayepalilia, anavuna na kuanika, lakini kahawa ni ya baba, na butura nayo ni ya baba. Tukasema basi, tutafute hela yetu ya kuzuia jambo hili mlangoni.

Tukaweka hisa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika akina mama watatu wa vijiji tofauti. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Ulianza nchini Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, kwa akina mama ambao wengi wao hawakujua kusoma, ndiyo maana hata sisi wa darasa la saba tunauweza.

Mwaka wa pili tukaongeza kitalu cha miche bondeni, karibu na maji. Tulijaza viriba, tukaotesha migrivelia, miparachichi na mibuni ya robusta ile inayovumilia mnyauko, ugonjwa ulioonekana Kagera mwaka 1997, ambayo asili yake ni kituo cha utafiti cha Maruku. Baadaye tukagundua kwamba wenye nyumba mpya za Kayanga na Omurushaka wanataka viwanja vipendeze. Tukaanza kuuza miashoki, maua na michongoma ya ua, tukawa tunakwenda wenyewe kuchimba mashimo na kupanda ukoka. Mashuleni vilevile, na kwenye nyumba za wageni. Waume zetu walicheka, eti mnauza nyasi! Nyasi zililipa ada.

Sasa 2020. Tulikuwa tumeotesha miche mingi kuliko miaka yote kwa ajili ya mvua za mwezi wa tatu, na sehemu kubwa ilikuwa ya shule zilizotuahidi kununua. Kwa kujiamini tukawa tumekopeshana karibu hela yote ya sanduku. Hapo tulikosea, na sisi viongozi ndio tulioruhusu.

Tarehe 16 Machi ikatangazwa kwamba Korona imeingia nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Haikupita wiki, Uganda nayo ikafunga mipaka kwa abiria, na wenzetu waliozoea kuvuka Murongo na biashara zao ndogondogo wakabaki upande huu. Wenye nyumba za wageni wakatuambia, mama, wageni wenyewe hawapo, maua ya nini? Kahawa nayo bei ilikuwa chini tangu miaka miwili nyuma. Miche ikabaki kitaluni. Mche haungoji mtu, unatoboa kiriba na kuingiza mizizi ardhini, ukiung'oa unakufa.

Mwezi wa nne tukakaa chini ya mparachichi, mbalimbali, na ndoo ya maji na sabuni. Sanduku lilipofunguliwa ilionekana hela kiduchu. Mmoja akasema tugawane hiyo hiyo kila mtu akafie kwake. Wengi wakapiga makofi. Mwingine akauliza zilizobaki wamekula akina nani, na macho yote yakatugeukia sisi viongozi. Tuliumia, lakini hatukujibu kwa maneno. Tulimwomba katibu asome daftari lote tangu mwezi wa kwanza, jina kwa jina, nani amekopa nini. Ilichukua mchana wote. Kila aliyepiga makofi akasikia jina lake, na ya kugawana yakaahirishwa. Tulifikiri tumeshinda. Katiba ikabaki vilevile, aliyechelewesha rejesho anatozwa faini kila kikao.

Wiki tatu baadaye jirani akatuletea habari kwamba tajiri ameonekana shambani kwa mwenzetu mmoja wa upande wa Kyerwa akihesabu mibuni. Tukaenda watatu. Tulimkuta anaanika maharage. Tukamwuliza kwa ukali, maana mwenzetu huyu ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kupinga butura. Hakulia wala hakukasirika. Akasema, "Mama mwenyekiti, si nyinyi mnataka hela yenu? Faini inapanda kila wiki. Mlitaka nikaitoe wapi?"

Tulirudi njia nzima bila kuongea. Kikundi kilichozaliwa ili kuzuia butura kilikuwa kimempeleka mtu kwenye butura, na barabara yenyewe tuliichonga sisi, kwa katiba tuliyoitunga kwa mikono yetu mwaka ambao kila mtu alikuwa na hela.

Tukaitisha kikao cha dharura. Tukaandika kwamba faini zote za kuchelewa zinafutwa kuanzia mwezi wa tatu na riba inasimama mpaka kahawa iuzwe. Hisa ya wiki tukaishusha mpaka moja, na asiyenayo alete kazi: siku moja kitaluni, kuhamishia miche kwenye viriba vikubwa. Mkopo mpya haukutolewa isipokuwa wa ugonjwa na msiba. Mweka hazina wetu alipinga sana. Alisema tukizoea kusamehe hatutadai tena, na hatuwezi kusema alikuwa hana sababu, maana wawili walijificha kweli kwenye msamaha ule huku maduka yao yakiuza.

Kwa yule mwenzetu tulitoa hela kwenye mfuko wa jamii tukaenda kumrudishia tajiri. Akaikataa, akasema amenunua kahawa, hakukopesha mtu. Tukamwita mtendaji wa kijiji awe shahidi. Yule bwana akapokea, ila kwa nyongeza. Wengine kikundini wanatulaumu mpaka leo kwa nyongeza ile. Sisi tunasema ilikuwa bei ya kosa letu.

Miche ya kahawa iliyobaki tuliigawa, kila mwanachama akapanda kwake, mingine tukakopesha majirani kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Miashoki na maua tulimwagilia kwa zamu kiangazi chote. Shule zilifunguliwa kwa wote tarehe 29 Juni, na mvua za mwezi wa kumi baadhi zikaja kuchukua miche, si yote, kwa bei ya kupunguziwa. Mingi ilikufa. Tuliing'oa wenyewe tukaifanya mboji.

Mgawo wa Desemba ulikuwa mdogo mno, kila mtu alipata alichoweka na kidogo sana juu yake. Hatukuchinja mbuzi mwaka ule. Wenzetu wanne walijitoa katikati ya mwaka na tukawacheleweshea hela yao mpaka mwisho wa mzunguko, tukiogopa wengine wasiwafuate. Katiba iliruhusu, lakini walikuwa na shida kama sisi, na hawajarudi. Kama wanasoma hapa, viti vyao vipo na radhi tunaomba.

Mwaka 2021 ilibidi vikundi vyote vijisajili kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Tulipotakiwa kupeleka katiba, kipengele kile cha mwaka wa shida tulikiacha ndani, tukaongeza kwamba kisiamuliwe na viongozi peke yao, kikao kizima kipige kura. Pia hatukopeshi tena zaidi ya nusu ya sanduku kwa kutegemea miche ambayo haijalipiwa.

Mibuni iliyopandwa 2020 ilianza kuzaa vizuri 2023. Mwaka uliofuata bei ya robusta kule London ilipita dola 5,000 kwa tani, haijapata kuonekana, na waliokuwa na mche wa bure wa Korona walipaka nyumba chokaa. Yule mwenzetu wa Kyerwa alipanda mibuni 60. Sasa yeye ndiye anayeshika ufunguo wa pili.

Majirani waliokopa miche mwaka ule na hawajalipa ni saba. Daftari lipo, na kwenye sherehe tumewaalika.