Chumba cha Mkunazini

Riwaya yangu ya kwanza ilianzia chini ya ardhi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ada ya kuendelea sina, ila nina kaunta buku moja na kiburi cha mtu anayeamini ataandika kitabu. Nikapanda boti kutoka Dar hadi Unguja, moja kwa moja Mkunazini, kuviona vile vyumba vya watumwa.

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika unakijua kiza kile. Unashuka ngazi, unainamisha kichwa, dari unaigusa kwa mkono, vidirisha vyenyewe kama nyufa, na minyororo imewekwa. Mtembezaji akatuambia kuwa humo walisongamana wanawake na watoto 75. Mama mmoja wa Kizungu akalia. Mimi sikulia, niliandika. Usiku ule ule sura ya kwanza ikatoka, kurasa kumi na moja, shujaa wangu yumo mle ndani anahesabu pumzi za mwanawe.

Kaka mmoja wa kijiweni kwetu, msomaji hasa wa vitabu, akazisoma zile kurasa, akanirudishia na swali moja tu: "Dogo, hiyo nyumba ilijengwa lini?"

Nikacheka. Swali gani hilo? Halafu nikaenda maktaba.

Basi tuhesabu pamoja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba huku Waingereza wakimtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, pale pale palipokuwa soko. Ujenzi ulisimamiwa na Edward Steere, huyu huyu aliyekusanya hadithi za Kiswahili. Mpaka hapo mambo sawa, kanisa kweli liko sokoni. Lakini nyumba yenye vile vyumba ilikuja baadaye, ilijengwa kuwa hospitali ya misheni. Sasa mtumwa wa mwaka 1865 atafungiwaje chini ya nyumba ambayo haijajengwa? Wanahistoria wamelisema jambo hili zamani: zile ni stoo za chini za hospitali. Watalii wanaendelea kushuka ngazi.

Nilikasirika, nakiri. Kurasa kumi na moja! Lakini kilichonitia hofu zaidi ni jamaa mwingine pale kijiweni aliyedakia, "Si unaona? Utumwa wenyewe hadithi za wamisionari tu."

Hapana bwana. Hapo nakataa. Stoo si ushahidi, sawa, ila ushahidi mwingine umejaa tele. Inakadiriwa kwamba katika miaka ya 1860 watumwa karibu 20,000 kwa mwaka waliingia Unguja. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Na yupo nahodha Mwingereza, Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811 na kueleza aliyoyaona sokoni, kabla hata soko halijahamia Mkunazini. Anasema mnada ulianza yapata saa kumi alasiri. Watu walisafishwa, wakapakwa mafuta ya nazi ngozi ing'ae, nyuso zikachorwa mistari myekundu na myeupe, wakavishwa vikuku vya dhahabu na fedha. Kisha wakapangwa mstari, wakatembezwa mitaani, mwenye mali akitangaza bei.

Soma tena hapo. Saa kumi alasiri! Wakati ambao watu wanatoka kununua samaki. Mimi nilikuwa nimeuficha uovu ule shimoni, kama kwamba mji haukujua. Kumbe ulipita mbele ya mabaraza, na waliokaa barazani walitazama, wengine wakauliza bei.

Anayetaka shimo la kweli aende Mangapwani, kaskazini ya mji. Huko kuna chumba kilichochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ambako watu walifichwa biashara ilipopigwa marufuku na kuendelea kimagendo. Lakini awe macho, maana jirani yake lipo pango la asili lenye maji baridi, na wageni wengi hulitazama hilo wakarudi mjini wakisema wamekiona chumba cha watumwa. Nami karibu nirudi hivyo hivyo, ningekuwa nimekosea mara mbili.

Zile kurasa kumi na moja nimezichana. Sura ya kwanza sasa inaanza alasiri, jua bado kali, barabarani. Yupo mwanamke anapakwa mafuta ya nazi, na kijana barazani anamtazama huku kikombe cha kahawa kiko mkononi. Mwanamke bado sijampa jina. Kijana yule, kwa sasa, nimempa langu.