Mji Mpya Uliozeeka: Jina la Karthago na Warithi Wake

Jina Karthago lilianza kama maelezo tu. Katika Kifoinike, *qart* ni mji na *hadasht* ni -pya. Kwa hiyo mahamiaji kutoka Tiro, ambao mapokeo huwaweka mwaka 814 K.K., waliuita makazi yao "Mji Mpya" kwa kuulinganisha na ule waliouacha. Mzizi wa neno hilo la pili una mwenzake katika Kiarabu, *h-d-th*, uliozaa neno *hadithi* la Kiswahili: jambo lililozuka, habari mpya. Wala jina halikuwa la mji mmoja. Kumbukumbu za Waashuru za karne ya 7 K.K. zinautaja Mji Mpya mwingine wa aina hiyo kisiwani Kipro. Kwa Wafoinike, basi, hili lilikuwa jina ambalo koloni lolote lingeweza kupewa.

Hali ilibadilika jina lilipovuka mpaka wa lugha. Yapata mwaka 228 K.K., Hasdrubal, mkwewe Hamilcar, alianzisha bandari kusini-mashariki mwa Hispania, nayo ikaitwa Qart-hadasht vilevile. Warumi walioiteka mwaka 209 K.K. hawakusikia "mpya" ndani ya *Carthago*. Walisikia jina la adui. Ili kuitofautisha bandari hiyo na mji wa Afrika, waliongeza *Nova*. Tafsiri yake kamili ni "Mji Mpya Mpya". Si sahihi kuliona hilo kuwa kosa la Warumi. Ni ushahidi kwamba kirai kilikuwa kimekwisha kuganda kuwa nomino ya pekee, kama yanavyoganda majina mengi ya mahali yanaporithiwa na wasioijua lugha iliyoyaunda.

Nguvu ya mgando huo ilionekana baada ya Roma kuiteketeza Karthago mwaka 146 K.K. Gaius Gracchus alipojaribu kupeleka walowezi huko mwaka 122 K.K., koloni liliitwa Junonia. Jina hilo halikudumu. Augusto alipotimiza mpango wa Kaisari wa kuujenga upya mji, *Carthago* lilirudi katika jina rasmi, likiandikwa na dola ileile iliyokuwa imeufuta mji wenyewe.

Warithi wa baadaye hawana ukoo mmoja, na hapa ndipo uchunguzi wa majina huteleza kwa urahisi. Carthage ya Illinois na ile ya Missouri zilipata majina yao vitabuni, wakati Wamarekani wa karne ya 19 walipopenda kuita miji yao kwa majina ya Wagiriki na Warumi. Cartagena de Indias, iliyoanzishwa na Pedro de Heredia mwaka 1533 katika Kolombia ya leo, haikuikumbuka Afrika hata kidogo: jina lake lilitoka bandari ya Hispania. Hata hivyo Waafrika walifika huko kwa maelfu, wakiwa watumwa, kwa kuwa mji huo ulikuwa miongoni mwa masoko makuu ya biashara hiyo katika Amerika ya Kihispania. Mtafiti anayetafuta alama ya Afrika katika jina la mji huo atakuwa amekosea mlango. Alama hiyo iko San Basilio de Palenque, kijiji cha watoro waliokimbia Cartagena, ambako lugha inayozungumzwa hadi leo imechanganya msamiati wa Kihispania na maneno ya Kikongo.