Neno la Wiki: Usikivu
Kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi stendi ya Iringa utasikia, "Simu yangu haina usikivu." Ukidadisi, huyu kakosa mawimbi, yule sauti inakwaruza. Usikivu, kutoka kusikia, kwanza ni sifa ya mtu: mtoto msikivu hutumwa mara moja. Redio ndiyo iliyolihamishia kwenye mitambo, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kulichanganya na mawimbi. Mawimbi yakikatika pale mlima Kitonga, simu haiiti. Usikivu utauliziwa wapi? Lakini mistari ya mawimbi kwenye kioo cha simu yaweza kujaa na mnunuzi wa viazi bado asijue kaambiwa elfu sitini au tisini. Hapo ndipo usikivu ni mbovu.

Wahandisi wana kipimo chake. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, uitwao P.800, toleo la 1996, huwataka wasikilizaji watoe alama za 1 hadi 5, mbaya hadi bora kabisa, kisha hutafutwa wastani. Siku hizi programu hulinganisha sauti iliyotumwa na iliyopokelewa, ikakadiria alama hiyo. Ukipenda kusema "ubora wa sauti" badala ya "usikivu", sawa, ingawa maneno hayo husemwa hata kwa mwanakwaya.