Njia ya Kinywa katika Tiba ya Dharura ya Watoto: Hoja kutoka Korogwe na Handeni

Utando wa chini ya ulimi na wa ndani ya mashavu ni mwembamba, una unyevu muda wote, na chini yake kumejaa vishipa vya damu. Dawa inayopenya hapo huingia katika mishipa ya shingo na kufika moyoni bila kupitia tumboni wala kwenye ini, ambako dawa nyingi zinazomezwa hupungua nguvu kabla ya kufanya kazi. Nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo tangu karne ya 19, hadi leo huwekwa chini ya ulimi kwa sababu hiyo.

Katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, njia hii ingewafaa zaidi watoto wenye malaria kali. Korogwe inajulikana katika utafiti wa ugonjwa huo. Pamoja na Muheza, ilishiriki katika jaribio la nchi 9 za Afrika lililochapishwa mwaka 2010, ambamo watoto 5,425 walitibiwa kwa artesuneti au kwinini: waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Ushahidi huo ulibadili matibabu. Hata hivyo ni ushahidi wa wodini, kwa mtoto aliyekwisha kufika hospitali. Kijiji cha ndani Handeni, au cha mteremkoni Usambara upande wa Korogwe, kina zahanati yenye mhudumu mmoja au wawili, na safari ya rufaa mara nyingi huanzia kwenye bodaboda.

Katika safari hiyo mtoto anaweza kufa kabla dawa ya kuua vimelea haijapata nafasi. Mambo mawili hutisha zaidi: degedege lisilokoma na sukari kushuka katika damu. Yote mawili huharibu ubongo, na wodini tiba ya yote mawili mara nyingi hupitia kwenye mshipa. Kuupata mshipa wa mtoto mchanga aliyeishiwa maji, usiku, kwa mwanga wa tochi, ni kazi ngumu hata kwa mwenye uzoefu. Kadiri malaria inavyopungua, mhudumu wa zahanati huwaona watoto mahututi wachache zaidi, na mkono wake huzoea kazi hiyo kwa shida zaidi. Kwa hiyo kupungua kwa ugonjwa hakuondoi haja ya njia rahisi, kunaiongeza.

Kwa degedege, dawa iliyochunguzwa vizuri ni midazolamu. Ndani ya chupa, kwenye majimaji yenye uchachu, huyeyuka katika maji. Ikikutana na hali ya mwili hubadilika umbo, ikawa yenye kuyeyuka katika mafuta na kupenya utando upesi. Hudondoshwa kwa bomba lisilo na sindano kati ya shavu na fizi, meno yakiwa yamekazana. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 330 walipewa ama midazolamu ya shavuni ama diazepamu ya njia ya haja kubwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Tiba ilishindwa kwa asilimia 43.0 ya waliopewa diazepamu na 30.3 ya waliopewa midazolamu. Lakini miongoni mwa wenye malaria tofauti haikuwa ya kutegemewa; faida kubwa ilionekana kwa wasio na malaria. Anayeitetea midazolamu kwa Handeni hana budi kulisema hilo wazi. Hoja inayobaki ni ya utekelezaji, nayo ina uzito: shavu hufikiwa upesi, bila kumvua mtoto nguo, na dawa haitolewi na kinyesi.

Kwa sukari kushuka, kinachohitajika kinapatikana katika kila duka la kijiji. Majaribio madogo ya Burkina Faso na Mali yalionyesha kuwa sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji na kuwekwa chini ya ulimi huweza kupandisha kiwango cha sukari katika damu. Shirika la Afya Duniani huikubali pale dripu inapokosekana. Huwekwa kijiko kimoja cha chai na kurudiwa kila baada ya dakika chache, mtoto akiwa amelazwa ubavu ili isimpalie. Akiimeza mapema, faida hupungua.

Kinywa hakichukui nafasi ya artesuneti. Dawa ya kunyunyiza chini ya ulimi yenye atemetha imejaribiwa Rwanda, Ghana na Burkina Faso, lakini katika zahanati tegemeo bado ni sindano ya msuli au artesuneti ya njia ya haja kubwa, kisha rufaa. Midazolamu nayo huweza kudhoofisha pumzi. Haifai kupelekwa mahali pasipo na mfuko na barakoa ya kupumulishia, wala mtu aliyefundishwa kuvitumia. Barua ya rufaa itaje saa na kiasi cha dozi, kwa sababu daktari wa hospitali ya Magunga, Korogwe, au ya Handeni asiyejua kilichotolewa njiani anaweza kuongeza dawa ya aina hiyohiyo juu ya ile ambayo bado imo mwilini.