Ford ya Hendeli katika Nchi ya Ugogo

Motokaa ya Kimarekani iliingia katika uwanda wa kati wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa mali ya maofisa, wamisionari na wafanyabiashara, kisha ikafifia baada ya Vita vya Pili. Kwao Marekani, magari ya michezo ya enzi hiyo, kama Mercer Raceabout ya 1911 na Stutz Bearcat ya 1912, yalisifiwa kwa mbio: viti viwili, bila milango wala paa, injini kubwa mbele. Dodoma na vitongoji vyake hapakuwa na barabara ya kukimbilia. Gari lililotamba huko lilikuwa Ford Model T, jepesi na lililoinuka juu ya ardhi, ambalo fundi asiye na karakana aliweza kulifungua na kulirudisha.

Kabla ya motokaa, mizigo ya Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, ilibebwa na wapagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita humo ikilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, kwa kuwa maji yalikuwa haba na visima vilikuwa na wenyewe. Uwanda huo upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ya vumbi, mchanga na miiba ya migunga. Kwenye mbuga za udongo mweusi, mvua ya usiku mmoja hutosha kuifanya njia ngumu kuwa tope la kunata.

Safari ya gari iliyovuma mapema zaidi katika nchi hii ilikuwa ya Kijerumani. Agosti 1907 Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akalenga kuvuka bara zima. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, Mei 1909. Muda huo wa karibu miaka miwili unaonyesha jinsi njia zilivyokuwa. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, mji huo ukawa mahali pa kushushia mizigo, na baadaye petroli na vipuri vikafuata njia hiyohiyo.

Vita ndivyo vilivyoifungulia Ford mlango. Aprili 1916 jeshi la Jenerali Jacob van Deventer, wa upande wa Waingereza, liliiteka Kondoa Irangi, na masika yakaikata njia iliyokuwa nyuma yake. Farasi walikufa kwa wingi kwa maradhi, malori mazito yakazama kwenye tope. Ford ndogo, zilizobeba chakula na majeruhi, zilikuwa nyepesi kiasi kwamba watu wachache waliweza kuzikwamua kwa mabega. Dodoma ilitekwa mwishoni mwa Julai mwaka huo.

Chini ya utawala wa Waingereza, Dodoma ikawa njia panda. Reli ilipita mashariki hadi magharibi, na Barabara Kuu ya Kaskazini ikashuka kutoka Nairobi na Arusha kupitia Babati na Kondoa, ikaendelea Iringa na Mbeya. Ford nyingi zilizouzwa katika makoloni ya Uingereza hazikutoka Detroit. Ziliundwa Kanada na kampuni ya Ford iliyoanzishwa huko mwaka 1904, ambayo ilikuwa na haki ya soko hilo na iliweka usukani upande wa kulia.

Bei ilisaidia pia. Model T iliyouzwa Marekani kwa dola 850 mwaka 1908 ilishuka hadi chini ya dola 300 kufikia katikati ya miaka ya 1920. Hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 1927, zaidi ya magari milioni 15 yalikuwa yameundwa.

Kuiendesha kulihitaji mafunzo yake. Gari lilikuwa na pedali tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mafuta. Ya kushoto ilibadilisha gia: ukiikanyaga hadi chini gari linakwenda kwa gia ndogo, ukiiachia kabisa linaingia gia kubwa. Ya kati ilirudisha gari nyuma, ya kulia ilikuwa breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani, na kijiti cha pili kiliwahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Dereva aliyesahau kuuchelewesha kabla ya kupiga hendeli ili kuwasha gari alijitafutia balaa: injini ilirusha hendeli kinyume na kuvunja mkono. Ndiyo maana mzoefu alikunja dole gumba upande mmoja na vidole vingine.

Petroli ilikuja katika madebe ya galoni nne, mawili kwa kila sanduku la mbao. Katika magari mengi ya aina hiyo tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele, hivyo abiria walishuka, kiti kikainuliwa, na sanduku moja likakaribia kulijaza. Mafuta yalishuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu. Tangi likipungua, gari lilizimika kwenye mlima mkali, na dawa yake ilikuwa kuupanda kinyumenyume. Injini haikuwa na pampu ya maji; kwenye mchanga na jua la Oktoba rejeta ilichemka, na maji ya akiba yalikuwa sehemu ya mzigo kama tairi na viraka vya pancha.

Wanunuzi wengi walichukua chasisi tupu, seremala akaijengea bodi ya mbao mfano wa sanduku. Gari hilo lilibeba mahema, bunduki na utingo, na ndilo lililokuwa gari la mawindo kabla ya Land Rover.

Model A ilifuata mwaka 1927, na Ford ya silinda nane mwaka 1932. Pamoja na Chevrolet, zilipendwa kuliko magari ya Kiingereza yaliyoundwa kwa barabara laini. Kilichozirudisha nyuma hakikuwa ubovu. Baada ya 1945 Uingereza ilikosa dola na kubana uagizaji kutoka Marekani hata katika makoloni yake. Land Rover ya 1948 ikachukua nafasi, kisha Peugeot, na hatimaye magari ya Japani.

Jaribio kubwa la kurudi lilikuja katika mbio za magari za Afrika Mashariki za mwaka 1964, Marekani ilipoleta kikosi cha Mercury Comet zenye injini kubwa. Mbili tu zilimaliza, tena mbali nyuma ya Ford Cortina iliyoundwa Uingereza na kutwaa ushindi. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2018, barabara ya lami kutoka Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati ilizinduliwa. Safari iliyozisumbua Ford za 1916 wakati wa masika sasa inamalizwa na gari dogo lolote kwa saa chache.