Jicho la Mpagazi: Vitu Vilivyopendwa Unyamwezi Zama za Misafara

Mtu akiulizwa ni kazi gani ya sanaa aipendayo kuliko nyingine, na kwa sababu gani, jibu lake hueleza habari za nafsi yake na za watu waliomlea zaidi kuliko habari za kitu chenyewe. Swali hili likiulizwa darasani, vijana wengi wa Tanzania hutaja kinyago cha Kimakonde, au picha za mtindo ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki mwaka 1972. Majibu hayo ni mema. Lakini hata katika shule za Tabora na Nzega, hata kwa vijana waliozaliwa Lusu, ni nadra kutajwa kitu cha Unyamwezi. Msomaji aweza kudhani kwamba nchi ile ilitoa wapagazi na wakulima tu, wala haikuwa na jicho la uzuri.

Dhana hiyo ina asili yake. Vitabu vingi vya zamani vilivyosimulia biashara ya misafara vilituachia picha ya mwenyeji wa bara anayetoa pembe ya ndovu yenye thamani kubwa na kupokea vigae vya kioo, akaenda zake akicheka kama mtoto. Katika makala haya tutaitazama picha hiyo kwa kutumia ushahidi wa wasafiri wenyewe, ambao wengi wao hawakuwa na nia ya kuwasifu Wanyamwezi.

Yafaa kwanza tuikumbuke njia. Wanyamwezi walianza kushuka pwani na pembe zao kabla Waarabu hawajajenga makao Unyanyembe, mahali palipokuja kuwa mji wa Tabora. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na Speke mwenyewe mwaka 1858 alishika njia ya kaskazini mpaka akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu ya huo alibeba chombo chake cha kupikia, mkeka wake na chakula. Mtu wa namna hiyo hachukui kitu kwa ajili ya kuchukua tu. Kila alichokirudisha nyumbani kutoka pwani alikipima kwa bega lake.

Sasa tuziangalie shanga. Burton aliandika kwamba zilikuwepo aina zipatazo 400, kila moja ikiwa na jina lake na nchi iliyoipenda, na kwamba mfanyabiashara aliyekosea katika kuchagua aliweza kukwama njiani na msafara wake wote. Henry Stanley alipofika Unguja mwezi wa Januari 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone, jambo hili lilimsumbua kuliko mengi. Aliambiwa kwamba Unyamwezi hupokea shanga nyekundu na kukataa nyingine. Kwamba shanga nyeusi ni fedha Ugogo, lakini kwingineko ni takataka. Kwamba zile kubwa za mviringo wa yai ni za Ujiji, na nyeupe ni za Ufipa. Mwishowe akanunua magunia 22 ya shanga za aina 11, huku akihesabu siku ambazo angekaa katika kila nchi asije akaishiwa na aina moja akabaki na nyingine isiyonunua hata kibaba cha mtama.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Kama mwenyeji angekuwa mtu wa kupokea chochote king'aacho, Stanley angenunua shanga za aina moja, zile za bei nafuu, akaenda zake. Magunia yale 22 yenye aina 11 ni ushuhuda wa kutosha kwamba bara kulikuwa na wajuzi, na kwamba hukumu yao ilivuka bahari. Mafundi wa kioo wa Venice, ambako shanga nyingi zilitengenezwa, walilazimika kufuata rangi zilizoamuliwa na wanawake wa vijiji ambavyo wao hawakuvijua hata kwa jina.

Shanga nyekundu iliyopendwa Unyamwezi iliitwa samesame. Ilikuwa na majina mengine pia, na majina hayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao. Moja lilikuwa kimaliza-pamba, pamba hapa ikiwa na maana ya zamani ya chakula cha safari: yaani mtu hutoa hata masurufu yake apate ushanga huo. Jingine lilikuwa kivunja-mji, kwa kuwa wanawake walivutwa nao hata ikahofiwa kwamba nyumba na miji ingevunjika. Watu wasiokuwa na mapenzi na kitu hawakitungii majina ya utani. Majina haya ni uhakiki wa sanaa uliofanywa kwa maneno mawili mawili, na ndani yake mna kicheko cha watu wanaojua udhaifu wao wenyewe.

Kwa nini nyekundu, na kwa nini nyekundu ile? Samesame haikuwa kioo chekundu kitupu. Ilikuwa na kiini cheupe, na juu yake tabaka la kioo chekundu, na kwa sababu hiyo mwanga ulipoingia ulirudishwa na weupe wa ndani, rangi ikawaka kama kaa la moto. Mtu aliyeiona nchi ya Nzega na Tabora mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa yamekauka, vumbi limefunika miti na mbuga zimekuwa za rangi moja mpaka upeo wa macho, hatahitaji maelezo marefu. Juu ya ngozi nyeusi, katika nchi iliyokauka, hakuna rangi ionekanayo kwa mbali kama ile. Ugogo walichagua nyeusi kwa sababu zao. Sina budi kukiri upendeleo: mimi naona Wanyamwezi walichagua vema zaidi.

Hata hivyo, ikiwa ni lazima kuchagua kitu kimoja, mimi nitauacha ushanga na kushika kibangwa. Kibangwa ni kipande cha mviringo kilichokatwa katika kitako cha kombe la bahari lenye umbo la pia, kikasuguliwa mpaka kikawa laini na cheupe, kikatobolewa tundu ili kivaliwe shingoni au katika paji la uso. Ukikitazama kwa karibu utaona mzunguko wa kombe ukianzia katikati na kutanuka mpaka ukingoni. Hakuna mkono wa mtu uliochora mstari ule. Kazi ya fundi ilikuwa kujua mahali pa kukata ili uonekane. Vibangwa vilivaliwa na watemi na watu wenye heshima, na vilihusika na mambo ya mizimu. Wala Unyamwezi haikuwa peke yake katika kukithamini kitu hiki. Mwezi wa Januari 1854, mbali sana upande wa kusini-magharibi, katika nchi ya Walunda, mtawala Shinte alimvika David Livingstone kipande cha kombe la namna hii shingoni kama alama kubwa kabisa ya urafiki.

Kinachonivuta katika kibangwa ni safari yake. Wengi wa waliokivaa hawakupata kuiona bahari. Walikuwa wakitazama kipande chake, kilichopita Ugogo juu ya bega la mtu. Na uzuri wake hauna uhusiano na bei ya madini. Ardhi ya Lusu ina dhahabu. Mgodi mkubwa uliofunguliwa huko mwaka 1999 ulichimba kwa miaka mingi mpaka ukafungwa mnamo 2014. Lakini mapambo mashuhuri ya jadi ya Unyamwezi ni ya shanga, kombe, pembe, chuma na shaba, si ya dhahabu.

Shaba nayo ina habari ndefu, nami nitaigusia tu. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi waliifuata mpaka Katanga, ambako mmoja wao, Msiri, alianzisha dola iliyodumu hadi alipouawa mwezi wa Desemba 1891. Wahunzi waliivuta shaba kuwa waya mwembamba kwa kuipitisha katika matundu ya chuma, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia, kisha wakauzungusha waya huo juu ya nywele za mkia wa twiga au wa tembo. Vikuku hivyo viliitwa sambo, na vilivaliwa vingi pamoja mguuni. Fundi aliyeweza kuvuta waya mwembamba kama uzi kwa nguvu za mikono yake hakuwa mtu wa kushangazwa na kigae.

Na pembe zilizoshuka pwani zilikwenda kufanya nini? Zilikatwa vibao vya kinanda na mipira ya mchezo wa biliadi. Huko Connecticut, Marekani, mji mmoja uliitwa Ivoryton kwa sababu ya viwanda vyake vya pembe, na wanunuzi wake waliipenda pembe laini ya Afrika Mashariki kuliko ile ngumu ya magharibi. Basi walikuwepo wapenda mapambo katika ncha zote mbili za njia, kila upande ukiwa na uteuzi wake. Lililo gumu ni kuona kwa nini mpenda mipira ya mchezo aitwe mstaarabu, na mpenda samesame aitwe mjinga.

Haifai lakini kuusifu uzuri huu na kunyamaza juu ya gharama yake. Njia iliyoleta kombe na kioo ndiyo iliyopeleka watu pwani wakiwa wamefungwa minyororo, na shanga zilizonunua mtama zilinunua watumwa pia. Vita vya Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, vilipiganwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya njia hiyo. Mwanafunzi atakayeushika ushanga mwekundu wa kale kiganjani ajue kwamba ameshika vyote viwili.

Tofauti na vitu hivi vyepesi, kazi moja kubwa ya Unyamwezi haikukusudiwa kusafiri, nayo ndiyo iliyokwenda mbali kupita zote. Mwaka 1893 boma la Mtemi Isike lilianguka mbele ya Wajerumani, naye akajilipua kwa baruti. Miaka michache baadaye, kabla karne ile haijaisha, kiti cha enzi kutoka Buruku kilichukuliwa Ujerumani, kikaingizwa katika makumbusho ya Berlin. Kimo chake chapita mita moja kidogo. Kimechongwa katika gogo moja bila kiungo: miguu mitatu, kikalio cha mviringo, na egemeo refu ambalo nyuma yake pameinuliwa umbo la mtu. Jambo hilo la mwisho lastahili kufikiriwa. Mtawala akikaa, umbo lile halionekani naye, wala na walio mbele yake. Huonekana na waliosimama nyuma, yaani watu wake wa karibu na walinzi wake, ambao kwa muda wote wa baraza hutazama mgongo wa mtawala na kuona mtu mwingine amesimama hapo, kimya, akimtegemeza.